Neno "ni ampule tu" lifutwe pale Luano

Lubumbashi, Haut-Katanga.

Sisi wakaaji wa Lubumbashi tumezoea taa zisizowaka. SNEL ikikata umeme jioni hakuna anayeshtuka: mama anatafuta mshumaa, watoto wanapiga kelele kidogo, maisha yanaendelea. Panda taksibisi ya Kenya au ya Katuba, uangalie mbele ya dereva. Taa ya mafuta ya injini inawaka nyekundu tangu asubuhi, naye ameibandika kipande cha skochi ili isimsumbue macho. Ukimuuliza atakujibu: "Haina kitu, papa. Ni ile taa njo iko mubaya." Na taksibisi inafika. Siku isipofika, inasimama kando ya barabara, tunashuka, tunadai franga zetu, tunamalizia njia kwa miguu.

Sasa desturi hii imepanda ndege. Pale Luano, upande wa ndege ndogo za watu binafsi, zile za injini moja au mbili zinazokwenda Manono, Moba, Kongolo, Pweto na Kalemie, kuna neno moja nimelisikia mara nyingi kuliko salamu. Taa ya magurudumu haikuwaka? "Haina kitu, ni ampule tu." Leo naandika juu ya neno hilo, na sitaandika kwa upole.

Najua kwa nini wengi mtanisoma. Tarehe 17 Novemba 2025, pale kwa jirani zetu wa Kolwezi, ndege ya Embraer iliyombeba waziri wa migodi, Louis Watum Kabamba, ilitoka nje ya njia yake wakati wa kutua, magurudumu yakavunjika, moto ukashika. Watu wote walitoka wakiwa hai, tumshukuru Mungu. Tangu siku hiyo kila mtu mjini amekuwa fundi wa ndege. Mimi sisemi chochote juu ya sababu ya ajali ile. Hiyo ni kazi ya wachunguzi. Ndege ile ni kubwa, ya jeti, na ilikuwa na waziri ndani, kwa hiyo picha zake zilizunguka dunia nzima. Mimi nazungumzia ndege ambazo ndani yake kuna muuguzi, mchungaji, mfanyabiashara wa simu, mama mwenye mtoto mgonjwa na masanduku ya dawa za chanjo. Zile hakuna anayezipiga picha.

Nieleze kwanza jambo lenyewe. Si kila ndege ndogo ina ugonjwa huu. Cessna 206 na Caravan, ambazo mmeziona mara nyingi, miguu yake haikunjwi. Iko chini siku zote kama miguu ya meza. Lakini Cessna 210, Piper Seneca na Navajo, Beechcraft Baron na King Air, hizo hukunja miguu yake baada ya kuruka na kuishusha tena kabla ya kutua. Mafundi wetu huita kitu hicho "treni", kwa Kifaransa chao, kwa hiyo ukisikia pale Luano mtu analalamika kwamba treni haijatoka, usifikiri anasema juu ya SNCC. Ingawa hata hiyo, tunajua wote, haijatoka.

Mguu unaposhuka hadi mwisho wake, komeo la chuma linaingia mahali pake ili mguu usirudi tumboni ndege inapokanyaga chini. Pembeni ya komeo kuna swichi ndogo sana. Komeo likiingia, swichi inabonyezwa, umeme unapita kwenye waya, na mbele ya rubani inawaka taa ya kijani. Ndege nyingi za Piper na Beechcraft zina taa tatu za kijani, moja kwa kila mguu. Cessna nyingi zenye miguu ya kukunja zina taa moja tu kwa miguu yote mitatu, na hiyo haiwaki mpaka yote mitatu ishikwe. Kuna pia honi: rubani akipunguza nguvu ya injini ili atue huku mguu haujashikwa, inalia.

Shikeni hapo, maana hoja yangu yote iko hapo. Taa ile haisemi kwamba mguu uko chini. Inasema kwamba komeo limeingia. Mguu unaweza kuning'inia chini, ukaonekana mzuri kabisa, na komeo liwe nje kwa upana wa ukucha. Ndege ikigusa ardhi, mguu ule unakunjika kama wa mlevi.

Na taa isipowaka, sababu ni nyingi. Ampule yenyewe inaweza kuwa imeungua, ndiyo. Fyuzi inaweza kuwa imeruka. Waya unaweza kuwa umekatika mahali unapopinda kila mara mguu unapokunjwa na kukunjuliwa. Swichi inaweza kuwa imejaa uchafu au imesogea kidogo. Pampu ya mafuta ya hidroliki inaweza kuwa imechoka, mguu haukufika mwisho. Au komeo kweli halikuingia. Kwa rubani aliye angani sababu zote hizi zina sura moja: kitundu kidogo cheusi mahali palipotakiwa kuwa kijani. Anayesimama chini na kusema "ni ampule tu" amechagua sababu moja kati ya sita, ile isiyogharimu kitu, bila kufungua hata msumari mmoja.

Niwape niliyoyaona kwa macho yangu. Msimu wa mvua uliopita nilirudi kutoka Manono kwa ndege ya injini mbili. Mwenye ndege simtaji, wala kampuni siitaji. Wanaohusika watajijua wenyewe. Tulikuwa abiria sita. Mimi nilikaa nyuma kabisa ya rubani, na katika ndege hizo hakuna mlango kati yenu, kwa hiyo niliona kila kitu. Tulipokaribia Luano alishusha miguu. Taa ya mbele ikawaka, ya kulia ikawaka, ya kushoto hapana.

Rubani yule, Mungu ambariki, alifanya kazi yake kama inavyotakiwa. Kwanza hakugusa taa. Aliongeza nguvu, akapanda, akaitengeneza ndege iruke sawa, akauambia mnara kwamba ana tatizo, akaangalia mafuta yake. Ndipo akaanza kutafuta. Alitazama kama mkono wa magurudumu uko chini kabisa. Alipitisha kidole kwenye fyuzi moja baada ya nyingine. Halafu akazungusha kibonyezo cha taa za dashibodi. Baadaye nilimwuliza kwa nini, akanieleza kwamba katika Piper nyingi, ukiwasha taa za usiku, zile za kijani zinajipunguza zenyewe ili zisimwumize rubani macho gizani. Mchana wenye jua unaweza kuapa kwamba zimezimika zote, na kumbe zinawaka. Marubani wengi duniani wameshtuka bure kwa sababu hiyo.

Haikuwa hiyo. Basi akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alichomoa ile ampule ya kulia, iliyokuwa inawaka vizuri, akaiweka mahali pa ile ya kushoto. Na ya kushoto akaipeleka kulia. Hata mtoto wa darasa la tatu anaelewa maana yake. Kama ampule ndiyo mbovu, giza litahama nayo. Giza halikuhama. Ya kulia ikawaka na ampule ileile tuliyoidhania imekufa, na ya kushoto ikabaki nyeusi na ampule ileile tuliyoiona inawaka.

Kwa hiyo haikuwa ampule. Wote tuliokaa mbele tuliona.

Akachukua pampu ya mkono, ile ya dharura, akapampu mpaka mkono ukakataa kwenda. Kila ndege ina njia yake hapo: Beechcraft za zamani zina mpini wa kuzungusha karibu mara 50, na Piper nyingine unafungua tu mafuta, mguu unaanguka kwa uzito wake. Giza likabaki. Akapita karibu na mnara ili wamtazame. Mnara ukasema miguu yote mitatu inaonekana chini. Mzee mmoja nyuma yangu akapiga makofi. Rubani akageuza kichwa kidogo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Wanaona mguu, papa. Komeo hawalioni."

Tulitua. Gari la zimamoto lilikuwa linatungoja. Aliikanyagisha ndege kwa mguu wa kulia kwanza, akaishikilia hivyo mpaka mwendo ukaisha nguvu, na wa kushoto ulipogusa, ulishika. Tulishuka tukiimba.

Na sasa ndipo hasira yangu inapoanza. Hatujamaliza kuteremsha mizigo, akaja mtu wa mwenye ndege, simu mbili mkononi, miwani juu ya kichwa. Akamsikiliza rubani nusu dakika. Akasema: "Haina kitu. Ni ampule tu." Rubani akaanza kueleza jinsi alivyozibadilisha. Yule akaangalia saa. Kesho yake asubuhi ndege ileile iliruka na abiria wengine. Wiki mbili baadaye fundi mmoja ambaye jina lake nalificha, juu ya chupa ya Simba, alinieleza walichofanya. Waliunganisha nyaya mbili za ile swichi ya kushoto. Wakairuka swichi. Taa ikapona.

Mnaelewa maana yake? Taa ile sasa inawaka kijani mguu ukiwa chini, inawaka kijani mguu ukiwa umekunjwa tumboni, itawaka kijani hata siku mguu utakapoanguka njiani. Na kwa kuwa katika ndege nyingi honi inategemea swichi hizohizo, kwa mguu ule honi nayo imenyamazishwa. Dereva wa taksibisi anabandika skochi juu ya taa nyekundu. Hawa wamefanya vibaya zaidi: wamewasha taa ya kijani ya uongo.

Nimekwisha kusikia majibu yao, na nitayajibu.

Jibu la kwanza ni kwamba ninatisha watu bure, maana ndege ndogo ikitua kwa tumbo watu hutoka wazima. Nakubali nusu. Ni kweli kwamba kwenye njia nzuri ya lami, rubani akitulia, mara nyingi watu wanatoka wenyewe na vitu vinavyoharibika ni chuma. Lakini si kila njia tunayotua ni ya lami, na si mara zote mambo yanaishia kwenye tumbo. Kinachoua watu zaidi katika habari hii ya taa ni akili ya rubani kuibiwa na taa. Wazee wa kazi hii duniani wanajua visa viwili, na kila anayejifunza urubani husimuliwa.

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern Air Lines, safari namba 401, ilikuwa inafika Miami ikitoka New York. Taa ya mguu wa mbele haikuwaka. Marubani wakapanda, wakaiachia mashine iongoze ndege, wakainama wote juu ya ile taa. Mmoja anaivuta imekwama, mwingine anateremka chini ya sakafu kutazama mguu. Hakuna aliyeona kwamba ndege imeanza kushuka polepole. Ikaingia kwenye mabwawa. Watu 101 walikufa kati ya 176. Mguu ulikuwa chini. Kweli ilikuwa ampule.

Miaka sita baadaye, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United, safari namba 173, ilikuwa inakaribia Portland. Mguu wa kulia ulianguka kwa kishindo kwa sababu chuma kimoja kilikuwa kimeliwa na kutu, na kishindo kile kikaharibu swichi ya taa. Mguu ulikuwa chini na umeshikwa. Taa ndiyo iliyokataa. Rubani mkuu alizunguka karibu saa moja akijitayarisha kwa dharura, mpaka mafuta yakaisha. Ilianguka kwenye mtaa wa nje ya mji. Watu 10 walikufa kati ya 189.

Watetezi wa "ni ampule tu" wanapenda visa hivi. Mmoja aliniambia: unaona, ilikuwa ampule, ilikuwa swichi, miguu ilikuwa salama, wangetua tu. Ndugu yangu, umesoma kitabu kichwa chini. Visa hivyo vinasema kwamba ukiwa angani, taa ni kitu kidogo: rusha ndege kwanza, hesabu mafuta, mtu mmoja aangalie njia, ndipo utafute kosa. Na ukiwa chini, taa hiyohiyo ni kitu kikubwa, maana chini ndipo kuna muda, jeki, mwanga na fundi. Sisi Luano tumegeuza. Angani tunapiga kelele na kuimba, chini tunasema haina kitu.

Na kuna jambo baya zaidi ambalo sijasikia mtu akilisema. Taa inayodanganya mara kumi inamfundisha rubani. Kijana anayerusha ndege ambayo kila safari mbili taa inakataa na kila mara anaambiwa ni ampule, siku ya kumi na moja atakuwa ameacha kuitazama. Siku hiyo komeo litakuwa nje kweli, naye atatua akiwaza chakula cha mchana. Hatutaweza kumlaumu. Sisi ndio tuliomfundisha.

Jibu la pili ni udongo wetu. Wananiambia: huko Ulaya wana lami, hapa tunatua kwenye matope. Hilo ni kweli tupu, na ndiyo sababu wanapaswa kuwa wakali zaidi. Mnaujua udongo mwekundu wa huko kaskazini. Wakati wa mvua gurudumu linaurusha juu kama uji, unaingia ndani ya sanduku la mguu, unakauka, unakuwa tofali. Kiangazi vumbi lake linapenya popote. Ile swichi ni ndogo, na kijiti chake kinasogea kidogo sana; punje chache za mchanga zinatosha kukizuia. Halafu anakuja kijana na maji ya shinikizo kuosha ndege ili iwe nzuri, anayasukuma maji moja kwa moja ndani ya viungo vya nyaya. Kesho asubuhi yamekauka, taa inawaka, kila mtu anasema imepona. Kwa miguu ya ndege, ugonjwa unaokuja na kwenda ni ugonjwa ambao haujatafutwa.

Jibu la tatu ndilo la kweli, mengine ni mapambo. Ni franga. Ili kujua kwa nini taa haiwaki, ndege lazima iingizwe ndani, inyanyuliwe juu ya jeki tatu magurudumu yote yakiwa hewani, ipewe umeme kutoka nje, miguu ikunjwe na kukunjuliwa mara nyingi huku fundi amelala chini yake na kipimo cha umeme mkononi. Anaangalia kama komeo linaingia hadi mwisho. Anapima swichi, anafuata waya mpaka mwisho wake, anautikisa mahali unapopinda. Kama swichi imekufa, mpya itatoka Afrika Kusini au mbali zaidi, na siku zote hizo ndege haifanyi kazi huku wateja wanaondoka na mwingine. Nawaelewa. Mimi pia nina watoto wa kusomesha.

Lakini tuhesabu basi. Ndege ya injini mbili ikikaa kwa tumbo, mapanga yote mawili ya mbele yanapinda, na injini zilizosimamishwa kwa ghafla namna ile lazima zifunguliwe zote kukaguliwa ndani. Mabati ya chini yamekwisha. Kwa ndege ya zamani, na nyingi tulizo nazo ni za zamani, gharama hiyo inapita bei ya ndege yenyewe. Halafu kuna sisi wengine. Luano ina njia moja tu ya ndege, ndefu, zaidi ya kilomita tatu, lakini ni moja. Ndege ndogo ikilala katikati yake, ndege ya Kinshasa haitui, ya Addis Ababa haitui, mgonjwa anayepelekwa Johannesburg anangoja kwenye gari. Mji wa mamilioni unafungwa kwa ajili ya swichi ambayo mtu mmoja alikataa kuinunua.

Na wakati mwingine kosa ni dogo kuliko hata swichi. Tarehe 1 Novemba 2011, ndege kubwa ya LOT, Boeing 767, ilitua kwa tumbo pale Warsaw na watu 231 ndani. Wote walipona. Baadaye ilikutwa kwamba fyuzi moja ilikuwa imeruka. Walipoinyanyua ndege na kuisukuma fyuzi ndani, miguu ikashuka. Fyuzi! Nawaambia hivyo ili mjue kwamba simdharau anayetafuta kosa dogo. Atafute, ndiyo. Ninayemdharau ni anayelitaja kosa dogo bila kulitafuta.

Nao wenye mamlaka? Nchi yetu ina Sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 juu ya usafiri wa anga. Ina AAC, mamlaka ya usafiri wa anga. Ina RVA inayosimamia viwanja. Kila mmoja wetu analipa Go-Pass kabla ya kupanda. Na bado, tangu 2006, kampuni zote zilizopewa ruhusa na nchi yetu zimefungiwa anga la Umoja wa Ulaya, kwa sababu Ulaya haiamini usimamizi wetu. Wengine wanasema huo ni ubaguzi. Mimi, baada ya kusikia habari ya zile nyaya mbili, sina nguvu ya kubishana nao. Mara zote nilizosimama pale kwenye ndege ndogo nimeona mkaguzi akiomba karatasi. Karatasi zilikuwa safi kuliko shati lake. Sijamwona hata mara moja akiomba ndege ipandishwe juu ya jeki.

Ninachotaka si kikubwa. Rubani akiandika kwenye kitabu cha ndege kwamba taa ya mguu haikuwaka, ndege ile isibebe abiria mpaka miguu ichezwe juu ya jeki na fundi mwenye leseni aandike chini yake, kwa jina lake, alikuta nini na alibadilisha nini. Asiandike "imeangaliwa, sawa". Kuunganisha nyaya ili kuiruka swichi ya komeo kuhesabiwe kuwa kosa la jinai, kama kukata breki za basi, na aliyeamuru aulizwe kabla ya aliyeshika koleo. Maana fundi yule wa chupa ya Simba alikuwa na aibu. Aliniambia alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili wakamkumbusha mshahara wa miezi miwili ambao hajalipwa.

Na rubani anayeandika ukweli asifukuzwe. Hapa ndipo panaoza kabisa. Kila mtu pale anajua kwamba ukiandika kosa kwenye kitabu, umesimamisha ndege; ukisimamisha ndege, umemkasirisha shefu; na vijana wenye leseni wanaotafuta kazi wamejaa. Kwa hiyo kosa linasemwa kwa mdomo, chini ya bawa, na mdomo hauna tarehe wala sahihi. Rubani yetu aliandika. Nilimwona akiandika, kalamu inatetemeka kidogo kwa sababu mkono ulikuwa umechoka na pampu. Mwezi uliofuata nilisikia harushi tena kwa watu wale. Sijui kama aliacha au aliachishwa, na yeye hakutaka kuniambia.

Na sisi abiria tusijifanye malaika. Nimeona mtu mkubwa, suti nzuri, amechelewa kwenye harusi, akimfokea rubani aliyetaka kurudisha ndege kwa fundi: "Tuende bwana, tutaona kule!" Kule wapi? Kongolo hakuna jeki. Manono hakuna swichi. Ukimsukuma rubani aruke na kitundu cheusi mbele yake, unachukua mahali pa yule mwenye simu mbili. Muulize rubani kabla ya kupanda, kwa heshima: komanda, taa zote tatu ziliwaka uliposhuka mara ya mwisho? Rubani mzuri hatakasirika. Akikasirika, umepata jibu.

Ile ndege bado inafanya kazi. Jumanne iliyopita, nikiwa kwenye barabara ya kwenda kiwanjani, niliisikia kabla ya kuiona, ikashuka chini ya mawingu, ikapita juu yetu ikienda kutua. Nilisimamisha pikipiki nikaitazama mpaka ikapotea nyuma ya nyumba. Kutoka pale chini, miguu yote mitatu ilionekana sawasawa.